Kahawa Chungu, Krimu Juu: Kijikombe cha Kiitaliano kwa Watu Wawili

Jumamosi moja mwaka jana mimi na mume wangu tulijikuta tumekaa kwenye mgahawa mmoja hapa Dar, wenye viti vya kubonyea na menyu ndefu kama orodha ya mahari. Tulikuwa hatujaongea vizuri kwa karibu wiki tatu. Siyo kwamba tuligombana, hapana. Si unajua tena maisha ya mjini: asubuhi foleni, jioni foleni, ukifika nyumbani mmoja yuko kwenye kompyuta, mwingine yuko kwenye simu, mtoto ameshalala. Mnasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Dada yangu ndiye aliyetuonea huruma, akamchukua mtoto, akatufukuza nyumbani kwetu wenyewe.

Mume wangu akafungua menyu, akakutana na jina asilolijua, na kama walivyo wanaume wengi, hakuuliza. "Tuletee hii espreso con panna, mbili," akamwambia mhudumu kwa kujiamini kabisa. Mimi nikajua yanakuja makombe makubwa ya kushikwa kwa mikono miwili. Vikaja vijikombe viwili, vidogo kama vya muuza kahawa wa Kariakoo, kila kimoja kina kilima cha krimu nyeupe juu.

Akaangalia kikombe. Akaangalia bei. Akaniangalia mimi. Halafu akachukua kijiko akakoroga kwa nguvu zote, kama anakoroga uji. Haikupita dakika, kilima kikayeyuka, kikabaki kimiminika cha rangi ya matope chenye mafuta yanayoelea. Akaonja. "Mke wangu," akasema taratibu, "hii ni hasara."

Tulicheka mpaka mhudumu akarudi kuuliza kama kuna tatizo. Alipoona kikombe akaelewa. "Samahani kaka," akasema kwa adabu, "hii huwa haikorogwi."

Msomaji wangu, ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja baada ya siku nyingi. Na maneno ya yule kijana hayakunitoka kichwani. Haikorogwi kwa nini? Nani aliamua? Nikaanza kufuatilia, na nilichokikuta ndani ya kijikombe kile ni zaidi ya kahawa na krimu.

TUANZE NA UCHUNGU WENYEWE

Espreso ni kahawa iliyosagwa laini, ikashindiliwa kwenye kikapu kidogo cha chuma, kisha maji ya moto yakasukumwa ndani yake kwa nguvu. Kipimo cha kawaida cha Italia ni kama gramu 7 za kahawa, sekunde zipatazo 25, na unapata mililita 25 hadi 30 tu. Hiyo ni mikupuo miwili mitatu. Presha inayotumika ni karibu mara 9 ya uzito wa hewa inayotuzunguka. Kwa hiyo unapolalamika kwamba kikombe ni kidogo, kumbuka kwamba kahawa yenyewe imekamuliwa, haikuchemshwa.

Mashine haikuja siku moja. Mwaka 1884, katika mji wa Torino kaskazini mwa Italia, Angelo Moriondo alipata hataza ya mashine ya mvuke ya kutengenezea kahawa nyingi kwa haraka. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akabuni mashine ya kutoa kikombe kimoja kimoja, mteja akiwa amesimama pale pale. Lakini mvuke peke yake haukuwa na nguvu ya kutosha, na kahawa ilitoka na ladha ya kuungua. Achille Gaggia, naye wa Milano, alianza kulishughulikia tatizo hilo mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili mashine zake za mkono wa kuvuta zikaanza kuingia kwenye baa. Hapo ndipo lilipotokea lile povu la rangi ya dhahabu juu ya espreso, ambalo Waitaliano wanaliita crema.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapojichanganya. Crema ni povu la kahawa yenyewe, halina tone la maziwa. Krimu ya maziwa iliyopigwa ikavimba, Waitaliano wanaiita panna. Kwa hiyo con panna maana yake ni "yenye krimu". Na ukiwa Italia ukaagiza "latte" peke yake, usishangae kuletewa glasi ya maziwa, kwa sababu ndivyo neno lenyewe linavyosema!

KIGILASI CHA TORINO

Lakini mapenzi ya kahawa na krimu ni ya zamani kuliko mashine. Ukitaka kuyaona, rudi Torino, kwenye uwanja mdogo uitwao Piazza della Consolata. Pale kuna mgahawa ulioanzishwa mwaka 1763, Caffè Al Bicerin, na mpaka leo uko wazi. Ndani ni padogo tu: mbao ukutani, meza chache ndogo za duara za marumaru, mishumaa.

Bicerin, kwa lugha ya watu wa kule, maana yake ni kigilasi. Chini kuna chokoleti nzito ya moto, katikati kahawa, juu krimu ya baridi iliyopigwa kidogo tu, bado inamiminika. Kinywaji hiki kilitokana na kingine cha karne ya 18, bavareisa, ambacho kilikuwa kahawa, chokoleti, maziwa na sukari, vyote vimechanganywa kwenye glasi kubwa. Baadaye wakaanza kuvileta mbalimbali, mteja achague: kahawa na maziwa, au kahawa na chokoleti, au kidogo cha kila kitu. Hicho cha mwisho ndicho kilichoshinda. Na pale mgahawani wanakuomba, tafadhali, usikoroge.

Sababu yake ni rahisi. Ukikoroga unapata kitu kimoja cha uvuguvugu, ladha moja, rangi moja. Usipokoroga, krimu ya baridi inagusa mdomo kwanza, halafu kahawa ya moto na chungu inapita katikati yake, halafu utamu unafuata. Kila mkupuo unakuwa tofauti na uliopita.

BAADA YA MISA

Jambo lililonigusa zaidi si ladha. Mkabala na mgahawa ule kuna kanisa kubwa la hija, Santuario della Consolata. Enzi hizo Mkatoliki aliyetaka kukomunika hakula wala kunywa chochote tangu saa sita usiku. Hebu fikiria asubuhi ya baridi ya kaskazini mwa Italia, tumbo tupu, misa imekwisha, na mbele ya mlango wa kanisa kuna kigilasi cha moto chenye chokoleti na krimu. Nani angepita?

Na waliokuwa wanatoka kanisani wengi walikuwa wanawake. Katika karne ya 19 migahawa ya kahawa ya Ulaya ilikuwa ya wanaume: magazeti, siasa, biashara, moshi wa sigara. Mwanamke mwenye heshima zake hakuingia peke yake. Lakini pale Consolata aliweza kuingia na kukaa bila kusemwa, kwa sababu alikuwa anatoka kusali. Tena katika karne ya 20, kwa miaka mingi, waliouendesha mgahawa wenyewe walikuwa wanawake. Wakubwa nao walipita. Husimuliwa kwamba Cavour, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Italia mwaka 1861, alikuwa mmoja wa wateja. Lakini mimi akilini namwona yule mama wa kawaida aliyekaa chini, akavua glavu, na kwa nusu saa akahudumiwa na mtu mwingine.

Nikamkumbuka mama yangu. Kwetu kahawa ilikuwa kila jioni. Baba alikunja shati, akavaa kandambili, akaenda kijiweni. Kule kulikuwa na birika juu ya makaa, vijikombe kwenye ndoo ya maji, kashata, bao, na habari zote za mtaa. Mama alizijua habari zile baba aliporudi, kama aliamua kumsimulia. Sikumbuki hata siku moja kumwona mama amekaa na kijikombe cha kahawa mkononi akiwa hana kazi nyingine anayoifanya. Hakuna aliyemkataza. Ni kwamba hapakuwa na kiti chake.

PALE KAHAWA INAPOKUWA BARAFU

Tusiishie Torino. Kusini kuna joto, na krimu imepata kazi nyingine. Roma, hatua chache kutoka jengo la kale la Pantheon, kuna duka la kahawa liitwalo Tazza d'Oro, maarufu kwa granita di caffè con panna. Granita ni espreso yenye sukari iliyogandishwa na kukwanguliwa mpaka ikawa chembechembe za barafu. Wanaweka krimu chini, barafu ya kahawa katikati, krimu tena juu. Wewe na kijiko chako mnajua la kufanya.

Ukishuka mpaka Messina, kwenye kisiwa cha Sicilia, hicho ni kifungua kinywa. Wanaagiza granita ya kahawa na krimu pamoja na mkate laini wa mayai, wanachovya, wanakula, wanakwenda kazini. Sisi wa Pwani ambao tunatokwa jasho saa mbili asubuhi, kwa nini hatukuliwaza hili?

Kaskazini mashariki, Trieste ilikuwa chini ya Austria mpaka mwaka 1918, na kule Vienna kuna kinywaji ndugu kabisa: kahawa kali kwenye glasi, krimu nyingi juu. Wanakiita Einspänner, jina la gari la farasi mmoja. Inasimuliwa kwamba madereva wa magari hayo walikipenda kwa sababu krimu ilikuwa kama mfuniko, kahawa isipoe wakati wanasubiri abiria. Krimu si pambo tu, bwana.

KUMBE KAHAWA YENYEWE NI YETU

Usidhani haya ni mambo ya watu wa mbali. Italia hailimi kahawa ya kutosha hata kujaza baa za mtaa mmoja, inanunua. Kwa miaka mingi Italia imekuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa kahawa ya Uganda, ambayo sehemu kubwa ni robusta, na inanunua pia ya Tanzania. Espreso nyingi za Italia, hasa za kusini, ni mchanganyiko wa arabika na robusta, kwa sababu robusta inaleta uzito, uchungu na lile povu la juu. Robusta ndiyo ya Kagera. Arabika ndiyo ya Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ile "hasara" ya mume wangu iliondoka huku kwetu kwenye gunia, ikaenda ikakaangwa Ulaya, ikarudi na bei yake mpya.

Na kuna jambo moja kuhusu kahawa ambalo Waitaliano hawakutufundisha. Kwa Wahaya na Waganda, zamani watu wawili waliokula kiapo cha kuchanjiana damu na kuwa ndugu walitumia kahawa. Tunda moja la kahawa kwa kawaida lina mbegu mbili, zimelala uso kwa uso. Huyu anachukua moja, yule anachukua ya pili, kila mmoja anakula iliyoguswa na damu ya mwenzake. Basi, wameshakuwa ndugu. Sasa wewe niambie, kati ya kahawa na waridi jekundu la Februari, kipi kilistahili kuwa alama ya watu wawili?

KIJIWE CHA WAWILI

Turudi kwenye meza yetu. Tulipomaliza kucheka, mume wangu akaagiza nyingine, moja, ya kunywa pamoja. Safari hii hakukoroga. Na mimi, sijui ni ile kahawa au ni kucheka, nikasema jambo nililokuwa nalo rohoni kwa muda mrefu.

"Unajua nina wivu na kijiwe chako."

Akashtuka. Mume wangu hana mwanamke wa nje, kama ulishaanza kuwaza hivyo. Ana kijiwe. Kila Ijumaa, na siku nyingine mbili tatu, anapitia kwa wenzake, wanakunywa, wanaongea mpira na kazi, anarudi amechangamka. Mimi narudi moja kwa moja kwa sababu dada wa kazi anaondoka saa kumi na mbili. Habari za ofisini kwake, hata ile ya kutaka kupunguza wafanyakazi, nilizisikia kwa mke wa rafiki yake.

"Nilidhani ukirudi unataka kupumzika," akasema. "Sikutaka nikuletee matatizo."

"Nilikuwa nataka kiti," nikamwambia.

Hakuwa na jibu la haraka. Ilikuwa siku chungu, sitakudanganya. Tuliongea kuhusu kazi yake ambayo huenda ingekwisha, kuhusu ada ya mtoto, kuhusu mimi kukataa safari ya masomo bila kumwambia sababu. Lakini tuliongea. Nikaelewa ni kwa nini wale wa Torino hawataki ukoroge. Sisi wanandoa tuna tabia ya kutaka uchungu uishe haraka, tunamwaga sukari, "yameisha bwana, tuachane nayo," tunakoroga, mwisho tunabaki na kitu cha uvuguvugu kisicho na ladha yoyote. Uchungu ukae ulipo. Utamu nao ukae ulipo. Vyote vikinywewa kwa pamoja vinanyweka.

Kazi yake haikuisha, ingawa mshahara ulipunguzwa. Mgahawa ule tumeuacha, bei zake si za kila wiki. Badala yake tuna Jumamosi saa kumi jioni, kibarazani, viti viwili, simu zimebaki ndani.

FANYA MWENYEWE NYUMBANI

Huhitaji mashine ya mamilioni. Tafuta birika la moka, lile la pembe nane lililobuniwa Italia mwaka 1933 na kampuni ya Alfonso Bialetti. Halitoi espreso halisi, kwa sababu presha yake ni ndogo, lakini kahawa yake ni nzito ya kutosha kubeba krimu.

Kahawa: Jaza maji chumba cha chini yasivuke kile kitundu cha usalama. Jaza kikapu kahawa ya unga, sawazisha, usishindilie. Weka kwenye moto mdogo. Ikianza kukoroma, epua mara moja, usiiache ikaungua.

Krimu: Chukua krimu ya maziwa yenye mafuta asilimia 35 hivi, ilale kwenye friji. Bakuli la chuma na kipigio cha mayai viweke kwenye friza dakika 15, maana kwa joto letu hili krimu ya vuguvugu haivimbi hata uipige mpaka kesho. Kwa mililita 200 weka kijiko kimoja cha chai cha sukari. Piga mpaka ukiinua kipigio inaacha kilele laini kinachoinama. Simama hapo hapo! Ukizidisha unapata siagi.

Asiyetumia maziwa: Weka kopo la tui zito kwenye friji usiku kucha, chota ile sehemu iliyoganda juu, ipige vivyo hivyo. Kwa kashata pembeni, utanishukuru.

Kuunganisha: Mimina kahawa kidogo, kama mililita 40, kwenye kikombe kilichopashwa moto. Weka vijiko viwili vya krimu juu taratibu. Usikoroge. Kunywa ukipitia kwenye krimu.

Na afya je? Vijiko viwili vikubwa vya krimu, gramu 30 hivi, ni kama kalori 100, kwa hiyo ni kitu cha mara moja moja. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mjamzito miligramu 200. Espreso moja ina kama 60 hadi 80. Kama usingizi wako ni wa mashaka, kunywa mapema, usisubiri giza.

JUMAMOSI ILIYOPITA

Sitaki uondoke ukidhani kwetu kila wiki ni sherehe. Kuna Jumamosi mtoto anaumwa, kuna Jumamosi Simba na Yanga wanacheza, na hiyo siibishanii. Kuna siku tunakaa dakika kumi kimya kabisa, tunaangalia bodaboda zinapita.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na mume wangu aliyekuwa anapiga krimu gizani hakuona kilele laini wala kigumu. Ikawa siagi. Akaja kibarazani na bakuli, sura ya aibu, akisema tena neno lake lile, "hasara." Nikaenda ndani nikaleta mkate. Tukapaka, tukala na kahawa yetu chungu, na akanisimulia wiki yake yote, tangu Jumatatu.